Mtoni au Mlimani: Pesa ya Starehe Iende Wapi?

Mdogo wangu na mumewe wanaishi Nalufenya, upande wa Jinja unaokupokea ukishavuka daraja la Nile kutoka Kampala. Mwaka huu wanatimiza miaka kumi ya ndoa. Mdogo wangu alikuwa ameona kwenye simu picha za kijiji cha Uswisi: hoteli ya mawe na mbao, mlima mweupe dirishani, mume na mke wamejifunika blanketi moja. Jioni moja mumewe akanipigia.

"Shemeji, hebu nisaidie hesabu. Mdogo wako anataka mlima, baridi na hoteli ya maana. Mimi nina shilingi milioni nne. Safari ya namna hiyo ipo, au nimwambie asahau?"

Nilimjibu kwamba ipo, tena haihitaji ndege. Lakini nilimwomba asiweke nafasi popote mpaka tukae na karatasi na kalamu. Nimeona watu wengi wakilipa fedha nyingi kwa kitu ambacho jirani yao alikipata kwa robo ya bei, na wengine wakibana matumizi mahali pasipofaa kubana. Haya ndiyo tuliyoyaandika kwenye ile karatasi. Nayaweka hapa kwa yeyote anayepanga kujistarehesha upande huu wa mashariki ya Uganda.

Kwanza tuimalize ya Uswisi

Ndoto ya mtu haidharauliwi, kwa hiyo tuliipigia hesabu kwa heshima. Raia wa Uganda, kama wa Kenya na Tanzania, anahitaji viza ya Schengen. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na ada hiyo hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Ongeza nauli ya ndege ya watu wawili, kisha treni ya kupanda milimani. Katika hoteli kongwe kama Gstaad Palace, iliyofunguliwa mwaka 1913, usiku mmoja wa msimu wa theluji si ajabu kuvuka dola 1,000. Milioni nne za shemeji zingeishia usiku wa kwanza, kabla hajanunua tiketi.

Ila kuna jambo katika hesabu hiyo lililomfurahisha mdogo wangu. Zermatt, kijiji maarufu kuliko vyote chini ya mlima Matterhorn, kiko mita 1,600 na kitu juu ya usawa wa bahari. Sipi, kijiji cha Wasabiny kwenye ubavu wa Mlima Elgon, kiko mita 1,700 na zaidi. Kwa hiyo mtu aliyelala Sipi amelala juu kuliko aliyelala Zermatt. Theluji hataipata, lakini ubaridi wa alfajiri, ukungu unaopanda kutoka bondeni na mlima ambao kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321, vyote anavyo. Kutoka Nalufenya ni kilomita 200 hivi: 150 za kufika Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi, kisha 50 za kupanda.

Vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina moja

Kanda hii ina starehe za aina mbili, na matangazo huziweka kapu moja. Moja ni ya mtoni, kuanzia mjini Jinja kuelekea kaskazini kufuata Nile. Nyingine ni ya mlimani, Sipi na Kapchorwa, ambapo Mbale ndio mji wa kupumzikia njiani. Kabla ya kulinganisha bei, jiulize swali hili: katika fedha ninayotozwa, ni kipi ambacho nisingekipata nje ya lango la hoteli?

Tuanze na mlima. Sipi ina maporomoko matatu, na refu kuliko yote lina takriban mita 100. Maji yale huonekana kutoka karibu kila kona ya kijiji. Lacam Lodge iko jirani na ukingo, Crow's Nest ina vibanda vya mbao upande wa pili wa bonde, na Sipi River Lodge iko mtoni penyewe ndani ya bustani. Aliyelala kwenye hema na aliyelala kwenye kitanda cha bei kubwa wote huamka na kuona mandhari ileile. Tena kinachofanya Sipi iwe Sipi hakiko ndani ya hoteli yoyote. Ni kutembea na kijana wa pale kwenye njia za utelezi kati ya migomba na mibuni, kusimama chini ya maporomoko mpaka nguo zilowe, kisha kukaa uani kwa mama mmoja anayekaanga buni, kuitwanga kinuni na kukupa kikombe cha kahawa ya arabika iliyoota mita chache kutoka ulipokaa.

Kwa hiyo mlimani hoteli inakuuzia mambo machache tu ya lazima: kitanda kikavu, blanketi za kutosha, maji moto na chakula kizuri. Hayo yalipie bila kusita, maana usiku wa Sipi una baridi kweli, na mtu wa Jinja aliyezoea joto la ziwani ataijua. Zaidi ya hapo, kila shilingi unayoongeza inanunua mapambo.

Mtoni mambo ni kinyume. Ukingo wa Nile umegawanywa viwanja, na sehemu nzuri nyingi ziko nyuma ya uzio wa mtu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Wildwaters Lodge, iliyo kisiwani katikati ya maji ya Kalagala, ambako mgeni huvushwa kwa mashua. Nje ya kisiwa kile hakuna mahali pa kununua usiku wa kulala huku mto unanguruma pande zote za kitanda. Pale eneo lenyewe ndilo bidhaa, na ukilipa ghali unapewa kitu ambacho kweli hakipo kwingine.

Ndipo nikamwambia shemeji neno ambalo lilituongoza mpaka mwisho wa karatasi: mlimani lala pa kati, uitumie pesa nje ya hoteli, mtoni lala pazuri, uitumie ndani.

Nile ipi unayouziwa?

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo wageni wanapouziwa picha ya zamani. Mto huu umebadilika mara tatu katika maisha ya wazee wetu, na kila mara mandhari ya hoteli yamebadilika nao.

Maporomoko ya Ripon, ambayo John Hanning Speke aliyafikia Julai 1862 na kutangaza kwamba ndiyo chanzo cha Nile, yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Leo bwawa hilo huitwa Nalubaale. Ukipanda mashua kwenda kwenye chanzo utaona mkondo na ndege wengi, lakini maporomoko hakuna. Maporomoko ya Bujagali nayo yalifunikwa na ziwa la bwawa la umeme lililoanza kazi mwaka 2012. Kisha mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, likameza sehemu nyingine ya maji ya kasi chini zaidi. Yaliyobaki makali ni Kalagala na Itanda, na Kalagala yamebaki kwa sababu serikali iliahidi Benki ya Dunia kuyahifadhi kama fidia ya kuzamishwa Bujagali.

Haya yanamhusu mnunuzi moja kwa moja. Hoteli iliyo Bujagali leo inakupa ziwa tulivu: pazuri kwa kayaki, kwa watoto na kwa kutazama jua likizama. Hoteli za mjini na kandokando yake, kama Jinja Nile Resort, zinakupa mto mpana unaokwenda taratibu, bwawa la kuogelea na ukaribu na mji. Anayetaka ngurumo na povu lazima ashuke mpaka Kalagala. Kila moja ina mtu wake. Kosa ni kulipia povu kisha ukapewa ziwa. Ukiona picha ya maji yanayochafuka kwenye tangazo, uliza kwa maneno manane tu: "Maji haya ninayaona kutoka chumbani au kwa gari?"

Namba iliyo kwenye tangazo bado si bei

Kabla ya kulinganisha hoteli mbili, zilete kwenye kipimo kimoja. Mitego ni minne.

*Kwa mtu au kwa chumba.* Hoteli za kitalii hutaja bei ya mtu mmoja mkilala wawili. Hoteli za mjini hutaja bei ya chumba. Dola 150 za hoteli ya kitalii zinaweza kuwa 300 ukifika mapokezi, na anayesafiri peke yake huongezewa malipo ya kulala pekee.

*Milo iliyo ndani.* Kitanda na chai ya asubuhi ni kitu kimoja, kitanda na milo yote ni kingine. Kisiwani huwezi kutoka kwenda kununua rolex, ile chapati ya mayai, barabarani, hivyo bei yenye milo yote ina maana. Mjini Jinja au Mbale, ambako hatua chache nje ya lango kuna matoke, samaki na wali, milo mitatu ya hoteli ni pesa iliyofungwa bila sababu. Kwa msomaji Mwislamu, Mbale ni mji wa Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, na chakula halali hakikutafutishi. Ukiwa huko onja malewa, machipukizi ya mianzi ya Elgon yanayopikwa kwa karanga. Ukikosa kula malewa, hujafika Bugisu, kanda ya Mbale.

*Dola au shilingi.* Bei ikitajwa kwa dola na wewe unalipa kwa shilingi, uliza wanatumia kiwango gani cha kubadilishia. Uliza pia kama kadi inaongezewa asilimia, na kama kodi ya ongezeko la thamani, ambayo pale inapotozwa ni asilimia 18, tayari imo. Ukipanga kutoa pesa kwenye simu, kumbuka kwamba Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 kwa kila unachotoa, juu ya ada ya kampuni. Kwa milioni mbili hiyo kodi peke yake ni shilingi 10,000.

*Bei ya mwananchi.* Hoteli nyingi za kitalii zina bei ya raia na wakazi wa Afrika Mashariki, ambayo huwa chini ya ile ya mgeni kutoka ng'ambo. Mara nyingi haiandikwi mahali pa wazi, na usipoiuliza hupewi. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda nayo hutoza kiingilio cha Hifadhi ya Mlima Elgon kwa madaraja: raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiasi kidogo, mgeni wa mbali hulipa kwa dola. Beba kitambulisho. Kwenda tu kwenye maporomoko ya Sipi hakukuhitaji kulipa hifadhi, kwani yako nje ya mpaka wake.

Mtego huu wa milo ulinipata mimi mwenyewe. Katika hoteli moja ya kanda hii niliwahi kulipia usiku mbili nikiamini chakula cha jioni kimo. Asubuhi ya kuondoka nikakabidhiwa bili ya pili iliyokaribia nusu ya ile ya kwanza. Walionionyesha karatasi hawakukosea: maandishi yalikuwepo, mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo naomba kila kitu kwa ujumbe ulioandikwa, na nauhifadhi.

Karatasi ya shemeji: mipango mitatu

Bei zinazofuata ni za mfano, tuliziweka sisi ili kulinganisha. Si za hoteli yoyote kati ya nilizotaja. Weka zako ulizopewa, hesabu ibaki ileile. Tulichukua usiku tatu, watu wawili, kuanzia Nalufenya, na dola moja kwa shilingi 3,700.

Mpango wa kwanza, usiku zote tatu kwenye hoteli ya kifahari mtoni:
- Dola 250 kwa mtu kwa usiku, milo yote ndani: dola 1,500, yaani shilingi 5,550,000
- Gari la kwenda na kurudi: 200,000
- Jumla: 5,750,000

Mpango wa pili, usiku mbili Sipi pa kiwango cha kati na usiku mmoja wa kifahari mtoni:
- Chumba Sipi, chai ya asubuhi ndani, 200,000 kwa usiku: 400,000
- Milo minane ya mchana na jioni, kila mmoja 25,000: 200,000
- Gari na dereva siku tatu, mafuta ndani, 250,000 kwa siku: 750,000
- Kiongozi wa maporomoko na ziara ya kahawa: 200,000
- Usiku mmoja mtoni, dola 500: 1,850,000
- Gari la kurudi nyumbani: 100,000
- Jumla: 3,500,000

Mpango wa tatu, usiku tatu kwenye hoteli nzuri ya kati mjini Jinja:
- Chumba, 250,000 kwa usiku: 750,000
- Milo kumi na miwili, kila mmoja 30,000: 360,000
- Mashua ya chanzo cha Nile: 150,000
- Usafiri wa mjini: 100,000
- Jumla: 1,360,000

Mpango wa tatu ndio nafuu, na kwa familia yenye watoto wadogo ningeuchagua kwanza. Lakini hauna mlima, na wenyewe wanaishi Jinja. Mpango wa kwanza unapita mfuko wa shemeji, nao pia hauna mlima. Wa pili unampa mdogo wangu baridi yake na ngurumo ya mto, unaokoa 2,250,000 ukilinganisha na wa kwanza, na katika zile milioni nne inabaki laki tano ya dharura. Pesa ya dharura nayo iandikwe kwenye bajeti, isiachwe iwe ya bahati.

Anayetaka kushuka zaidi bado ana njia. Anaweza kupanda taksi za abiria kutoka Jinja hadi Mbale na nyingine hadi Sipi badala ya kukodi gari, au kulala kwenye vibanda vya Mamlaka ya Wanyamapori huko Kapkwai, ndani ya msitu karibu na Sipi. Ila usipunguze malipo ya kiongozi. Muulize mapema kama bei yake imeingiza zile ada ndogo ndogo ambazo wenye mashamba hutoza kwenye vivuko, kisha mlipe haki yake. Kijiji kile ndicho kinachotunza njia unazokanyaga.

Mto uje mwisho

Shemeji alitaka waanze na hoteli ya kifahari, wafungue sherehe kwa kishindo. Nilimwomba ageuze. Usiku mmoja wa hoteli kubwa kwa kawaida huanza saa nane mchana na kuisha saa nne au tano asubuhi. Ukifika jioni, umenunua usingizi tu kwa bei ya siku nzima. Kutoka Sipi, ukiondoka saa moja asubuhi, unateremka Mbale huku mwamba wa Wanale ukiwa juu ya mji, unapita mashamba ya mpunga ya njia ya Tirinyi, na mchana uko ukingoni mwa Nile. Una saa zako zote. Mwili uliolala kwenye baridi na kutembea utelezini siku mbili ndio unaojua thamani ya godoro zuri na maji ya moto yasiyokatika. Kesho yake nyumbani ni karibu.

Msomaji wa Kenya hali yake ni nyingine kidogo. Ukiingia Malaba, Mbale iko karibu kuliko Jinja, hivyo mlima unakuja kwanza wenyewe, na kitambulisho cha taifa kinakutosha kuvuka. Mtanzania aje na pasipoti.

Lini uende, lini usiende

Miezi mikavu ya Elgon ni Desemba hadi Machi na Juni hadi Agosti. Mvua hufanya njia za Sipi kuwa ngumu, lakini ndipo maporomoko yanaponenepa na hoteli zinapokubali kupunguza bei. Anayejua kutembea utelezini hupata faida. Hata hivyo mlima huu una hasira, na hilo halisemwi kwa wepesi. Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifukia kijiji cha Nametsi huko Bududa, na mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu Mbale. Wiki ya safari mpigie mwenyeji wako, umuulize hali ya barabara, na usione aibu kuahirisha. Ndiyo sababu sharti la kuahirisha linastahili kusomwa kabla ya kulipa: ukisogeza tarehe unapoteza nini, na mpaka siku gani?

Kuna tarehe nyingine za kuangalia. Krismasi, mwaka mpya na Pasaka hujaza hoteli za Jinja. Tamasha la Nyege Nyege, ambalo nyumbani kwake ni Jinja na jirani zake, hupandisha bei za vyumba wiki hiyo yote. Mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, Bamasaba, watu wa Bugisu, hufungua msimu wa Imbalu pale Mutoto, Mbale. Ukitaka kuona jando hilo, weka nafasi mapema. Ukitaka utulivu, chagua mwezi mwingine.

Maswali ya kutuma kabla ya kulipa

Yaandike kwenye ujumbe mmoja na usitume amana mpaka yajibiwe yote:
- Bei ni kwa mtu au kwa chumba, kwa dola au shilingi, na kodi imo?
- Kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki?
- Milo ipi imo, na vinywaji je?
- Maji moto yapo saa zote? Umeme wa gridi ukikatika, mnatumia nini?
- Dirisha la chumba changu linaangalia nini?
- Mashua au gari la kuingilia linalipiwa na nani?
- Nikiahirisha, amana yangu inakuwaje?

Shemeji aliyatuma maswali hayo kwa hoteli nne. Mbili zilimjibu siku ileile, moja baada ya siku tatu, na moja ikamtumia picha nzuri bila jibu hata moja. Hiyo ya nne tuliikata kwenye orodha, ingawa picha zake zilikuwa za kuvutia kuliko zote.

Wanaondoka Ijumaa. Mdogo wangu amekuja kuazima sweta langu zito, lile la sufu, na nimempa na soksi. Picha ya Uswisi bado imo kwenye simu yake. Ameniahidi kwamba akirudi ataweka nyingine kando yake: wao wawili Sipi, wamejifunika blanketi moja, maji yakianguka nyuma yao.